Mbwa wa polisi, gari lako na zile dakika saba: mahakama za Marekani zimesema nini hasa

Kuna mambo mawili watu wetu wanaoendesha magari Marekani wanaambiana sana, na yote mawili si kweli. La kwanza, eti polisi hawezi kumleta mbwa anuse gari lako kama hana sababu. La pili, eti mbwa akishafika basi yameisha, huna haki yoyote, fungua buti tu. Na wanaoambiana hivyo si wachache, maana madereva wa malori kutoka Kenya, Tanzania, Kongo na Somalia wako kwenye haiwei za kule kila siku, na lori linalovuka majimbo manne kwa safari moja linakutana na polisi wa kila aina. Sasa ukisoma hukumu za mahakama moja moja utaona kama zinapingana, hii inampa polisi ruhusa, ile inamnyang'anya. Ukizipanga vizuri lakini unakuta zimeshikwa na uzi mmoja, kwamba mahakama haihangaiki sana na mbwa amenusa nini, inahangaika na mbwa alikuwa amesimama wapi na wewe umecheleweshwa dakika ngapi.

Tuanze na msingi, maana bila huu mengine hayaeleweki. Marekebisho ya 4 ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1791, yanaikataza serikali kukusachi wewe, nyumba yako, makaratasi yako au mali yako bila sababu ya maana, na kibali cha upekuzi kinatoka pale tu penye sababu ya kutosha kuamini kuna kitu. Nyumba hapo imelindwa vizuri. Gari halijalindwa hivyo, na hii ni habari ya zamani sana, ilianza 1925 kwenye kesi ya Carroll, enzi zile pombe ilipigwa marufuku nchi nzima. Maafisa walisimamisha gari kwenye barabara ya Detroit na Grand Rapids, wakachana siti, wakakuta chupa 68 za wiski na jini zimefichwa nyuma ya kitambaa. Mahakama ya Juu ikasema gari linatembea, ukienda mjini kutafuta kibali utarudi mwenyewe hayupo, kwa hiyo polisi akiwa na sababu ya kutosha alisachi pale pale barabarani bila kibali.

Hiyo hukumu ya 1925 ndiyo inayompa mbwa nguvu zake zote leo. Polisi wa barabarani hahitaji kumpigia hakimu simu, anahitaji sababu tu, na mbwa ndiyo njia ya mkato ya kuipata. Mbwa akikaa chini karibu na mlango, au akiukwaruza, au akibweka kulingana na alivyofundishwa, ile ishara yake inahesabika kuwa sababu ya kutosha, na muda si mrefu buti liko wazi na siti zimeinuliwa na mizigo yako iko kwenye lami.

Kwa hiyo swali kubwa linakuwa: je, kunusa kwenyewe ni kusachi? Maana kama ni kusachi, polisi angehitaji sababu kabla ya kumleta mbwa. Jibu lilitoka 1983 kwenye kesi ya Place, na wala haikuwa kesi ya gari, ilikuwa ya abiria wa ndege aliyetoka Miami kwenda New York. Maafisa wakachukua mabegi yake, wakayapeleka uwanja mwingine wa ndege, wakamleta mbwa ayanuse, mbwa akatoa ishara, ndani kukapatikana zaidi ya kilo moja ya kokeini. Jaji Sandra Day O'Connor akaandika kwamba pua ya mbwa ni kitu cha peke yake, haifungui begi, haitoi nguo zako nje watu wazione, inachosema ni kitu kimoja tu, kuna madawa au hakuna. Na kwa kuwa hakuna mtu mwenye haki ya kumiliki kokeini basi hakuna siri halali iliyoguswa, kwa hiyo kunusa si upekuzi.

Hapa watu wengi wanasahau kwamba kwenye kesi hiyo hiyo polisi walishindwa. Walishindwa kwa sababu waliyashikilia yale mabegi dakika 90 kabla ya mbwa kuyanusa na mahakama ikaona muda umezidi. Yaani tangu siku ya kwanza pua ilipewa ruhusa na saa ikawekewa mpaka.

Sasa twende barabarani. Mwaka 1998 kwenye haiwei ya Interstate 80 jimboni Illinois, jamaa mmoja anaitwa Caballes alipigwa tochi akiwa na maili 71 kwa saa mahali pa maili 65, kama kilomita 114 kwenye 105 hivi, kosa ambalo kila dereva analifanya. Polisi aliyemsimamisha akatoa taarifa redioni, mwenzake mwenye mbwa akasikia akaja mwenyewe bila kuitwa, na wakati yule wa kwanza bado anaandika karatasi ya onyo huyu wa pili akamzungusha mbwa kwenye gari, mbwa akatoa ishara kwenye buti, wakafungua, bangi. Kila kitu hakikufika dakika 10. Jamaa akala miaka 12 na faini ya zaidi ya dola laki mbili na nusu. Mahakama ya Juu ya Illinois ikafuta hiyo hukumu, ikasema polisi wamegeuza kosa la spidi kuwa uchunguzi wa madawa bila sababu yoyote. Kesi ikapanda mpaka Washington na mwaka 2005 majaji sita dhidi ya wawili wakasema hapana, polisi walikuwa sawa, kunusa kwa nje kwenye gari lililosimamishwa kihalali hakuhitaji hata shuku, ilimradi dereva hakucheleweshwa kuliko muda wa kawaida wa kuandika lile onyo.

Kwa hiyo lile la kwanza tunaloambiana ndipo linapokufa. Polisi wa Marekani hahitaji sababu ya kumleta mbwa. Akikusimamisha kwa taa ya breki iliyoungua na mbwa yuko jirani, anaweza kumzungusha. Na wala haijalishi kama taa ilikuwa kisingizio tu, kwa sababu kesi ya Whren ya 1996 ilishaamua kwamba polisi akiwa na kosa halisi la barabarani basi nia yake moyoni haichunguzwi. Ukiziunganisha hizi mbili ndiyo utaelewa kwa nini watu weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini wanalalamika miaka yote, maana nani hana kakosa kadogo akiendesha saa nzima?

Kitu kimoja tu kilichozuiwa moja kwa moja ni roadibloku za madawa. Mji wa Indianapolis mwaka 1998 ulikuwa unasimamisha magari kwa idadi iliyopangwa, bila kumshuku dereva yeyote, na kuzungusha mbwa kwa kila moja. Yalisimamishwa magari 1,161, wakakamatwa watu 104, na kati yao 55 tu ndio kwa madawa. Mwaka 2000 mahakama ikasema huwezi kusimamisha umati wa watu wasio na kosa ili kutafuta uhalifu wa kawaida. Vizuizi vya kupima walevi na vya mipakani vimebaki halali, vya mbwa wa madawa hapana.

Kesi ambayo kila dereva angeijua kwa jina ni Rodriguez, ya 2015, na nitaikalia kidogo kwa sababu ndani yake dakika zinaonekana kabisa. Ni Nebraska, Machi 2012, saa sita na dakika sita usiku. Gari linaingia kidogo pembeni ya barabara halafu linarudi, dereva anasema alikuwa anakwepa shimo. Polisi anachukua leseni, kadi ya gari na bima, anakagua kwenye kompyuta, anarudi anachukua na leseni ya abiria, anauliza mnatoka wapi mnaenda wapi, anaandika onyo. Ikifika saa sita na dakika 27 au 28 ameshamaliza kumweleza dereva lile onyo na ameshawarudishia makaratasi yao yote. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba hapo sababu zote za kuwasimamisha zilikuwa zimekwisha. Lakini akamuuliza dereva, naweza kumzungusha mbwa wangu kwenye gari? Mbwa alikuwa naye muda wote kwenye gari la polisi, anaitwa Floyd. Dereva akasema hapana. Polisi akamwambia azime gari, ashuke, asimame mbele ya gari la polisi wamsubiri askari mwingine. Askari akafika saa sita na dakika 33, Floyd akazungushwa, mzunguko wa pili akatoa ishara, ndani kukawa na mfuko mkubwa wa methamfetamini. Toka onyo litolewe mpaka ishara ya mbwa ni dakika saba au nane.

Mahakama za chini zilisema dakika saba si kitu. Jaji Ruth Bader Ginsburg na wenzake watano wakasema ni kitu. Kusimamishwa barabarani kuna kazi yake, alisema, kushughulikia lile kosa na mambo yanayoendana nalo, yaani kukagua leseni, kukagua kama unatafutwa na polisi, kukagua usajili na bima. Kazi hiyo ikiisha, au ilipopaswa kuwa imeisha, mamlaka ya kukushikilia nayo imeisha. Mbwa si sehemu ya usalama barabarani, mbwa ni uchunguzi wa uhalifu, kwa hiyo hawezi kuongezewa hata muda mdogo kama polisi hana shuku yenye sababu, yaani dalili za kueleweka, ingawa hazijafika kwenye ile sababu ya kutosha. Na akaongeza jambo ambalo mawakili wanalishika sana, kwamba suala si kama mbwa alinusa kabla au baada ya karatasi kuandikwa, suala ni kama kunusa kuliongeza muda. Polisi anayeandika onyo polepole kama mtu anayejifunza kuandika ili mbwa apate kufika, naye amevunja Katiba.

Kwa hiyo lile la pili tunaloambiana nalo linakufa hapo. Dereva ana haki, na haki yake iko kwenye saa. Ndiyo maana kesi nyingi za siku hizi zinabishaniwa kwa kuangalia video ya kamera ya gari la polisi sekunde kwa sekunde, nani aliita mbwa saa ngapi, polisi alikuwa anaandika au amesimama anapiga stori, maswali ya "unaenda kumtembelea nani" yalichukua muda gani. Na ndiyo maana lile jibu la dereva wa Nebraska lilikuwa na uzito mkubwa sana. Angesema sawa, zungusha tu, kesi isingefika popote, maana ukikubali mwenyewe muda wa ziada unakuwa umeutoa kwa hiari, na tangu 1973 mahakama imesema polisi halazimiki kukuambia kwamba una haki ya kukataa. Kukataa kwa adabu, mikono ikionekana kwenye usukani, halafu kuuliza kama uko huru kuondoka, hayo hayajawahi kuwa kosa. Kubishana, kumvuta mbwa au kuondoa gari ni hatari kwa maisha yako, mengine yatasemwa mahakamani.

Ila haki ya kwenye karatasi na haki ya mkononi ni vitu viwili. Yule dereva aliyeshinda Mahakama ya Juu alirudishwa mahakama ya rufaa, na mahakama hiyo ikasema ndiyo, Katiba ilivunjwa, lakini siku ile polisi alifuata sheria jinsi ilivyokuwa inaeleweka eneo lile, alikuwa na nia njema, kwa hiyo ushahidi, ambao kwa kawaida ungetupwa, unabaki na kifungo chake cha miaka mitano kinabaki. Waliofaidika ni madereva waliokuja baada yake.

Sasa tuje kwa mbwa mwenyewe, hapa ndipo mimi naona mahakama imewaangusha watu. Hoja yote ya 1983 imesimama juu ya wazo kwamba mbwa anasema ukweli, kuna madawa au hakuna. Je, akikosea? Jaji David Souter aliuliza swali hilo kwenye Caballes alipopinga wenzake, akaandika kwamba mbwa asiyekosea ni kiumbe cha hadithi za kisheria. Alitaja utafiti ambao jimbo la Illinois lenyewe liliutegemea, ukionyesha kwamba kwenye majaribio mbwa wanatoa ishara za uongo kati ya asilimia 12.5 na 60. Souter hakusikilizwa.

Mwaka 2013 nafasi ya pili ikaja, kesi ya Harris kutoka Florida. Mbwa anaitwa Aldo, amefundishwa bangi, kokeini, heroini, ekstasi na methamfetamini. Anatoa ishara kwenye kitasa cha mlango wa dereva. Polisi wanasachi, hawakuti hata moja ya vitu hivyo, wanakuta vidonge 200 vya dawa ya mafua vya aina inayotumika kupikia methamfetamini, njiti za kiberiti 8,000 na kemikali nyingine. Jamaa anapata dhamana, anasimamishwa tena na polisi yule yule, Aldo anatoa ishara tena kwenye mlango ule ule, wanasachi tena, safari hii hakuna kitu kabisa. Mahakama ya Florida ikasema jambo la busara sana kwa maoni yangu, kwamba serikali ilete rekodi za mbwa huyu barabarani, mara ngapi ametoa ishara na mara ngapi kweli kulikuwa na mzigo. Mahakama ya Juu yote, majaji tisa kwa tisa, ikakataa. Jaji Elena Kagan akasema rekodi za barabarani zinadanganya, maana mbwa anaweza kunusa harufu iliyobaki ya madawa yaliyokuwepo jana, au madawa yaliyofichwa vizuri polisi wakashindwa kuyapata, kwa hiyo mahali pazuri pa kumpima ni kwenye mafunzo, na mbwa mwenye cheti cha mafunzo mazuri anaaminika mpaka upande wa utetezi uonyeshe vinginevyo.

Nakubali hoja ya harufu iliyobaki, ni ya kweli. Lakini iangalie vizuri, inaharibu hoja ya 1983. Kama mbwa anatoa ishara kwa harufu ya jana, au ya mkono wa mtu mwingine aliyeshika kitasa, basi hasemi tena kuna madawa au hakuna, anasema labda yalikuwepo, na ndani ya hiyo labda kuna gari la mtu asiye na hatia linalopekuliwa barabarani watu wakipita wanaangalia. Gazeti la Chicago Tribune lilichambua mwaka 2011 takwimu za miaka mitatu za polisi wa vitongoji vya Chicago, likakuta kati ya ishara za mbwa ni asilimia 44 tu zilizoishia na madawa au vifaa vyake, na kwa madereva wenye asili ya Amerika ya Kilatini ikashuka mpaka 27. Mbwa hajui rangi ya mtu wala jina lake. Anayejua ni askari aliyeshika kamba.

Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakiongozwa na Lisa Lit, walichukua mbwa 18 na askari wao, wakawapeleka kwenye jengo la kanisa ambalo halikuwa na madawa wala milipuko popote. Askari wakaambiwa kwamba penye karatasi nyekundu huenda pana harufu. Upekuzi ulifanyika mara 144, na mara 21 tu ndizo askari walizosema mbwa wao hajaona kitu, ingawa jibu sahihi lilikuwa hilo kwa zote 144. Iwe mbwa alimsoma askari wake kama mtoto anavyomsoma mama yake usoni, au askari aliona ishara aliyotaka kuiona, kwa dereva aliyesimama pembeni matokeo ni yale yale. Na kesi ya Harris imeacha mlango mmoja ambao mawakili wazuri wanautumia, kuuliza kama askari alimpa mbwa vidokezo, alimrudisha mara ngapi mlango ule ule, mafunzo yalikuwa ya namna gani. Rekodi zikiwepo, wakili aziombe.

Kuhusu mahali alipo mbwa nitapita haraka. Mwezi mmoja tu baada ya Harris, mahakama ilisema kumleta mbwa barazani kwa mtu, mpaka mlangoni, ni upekuzi na kunahitaji kibali, hiyo ni kesi ya Jardines. Gari liko barabarani kwa hiyo halina baraza, ila lina mwili. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Idaho, kwenye kesi ya Dorff, ilisema mbwa aliyepanda na miguu yake ya mbele kwenye mlango na dirisha la gari ameligusa kwa lengo la kutafuta taarifa, na huo tayari ni upekuzi. Hiyo ni Idaho, usiibebe kila jimbo. Majimbo yanaruhusiwa kulinda watu zaidi kupitia katiba zao, kwa mfano Minnesota, ambako watu wa Afrika Mashariki wako wengi, tangu 2002 polisi anahitaji shuku yenye sababu hata kabla ya kuzungusha mbwa.

Kilichokuja kuyavuruga yote haya ni bangi kuhalalishwa. Colorado iliihalalisha 2012 kwa mtu wa miaka 21 na zaidi, wakia moja, ambayo ni kama gramu 28. Polisi walikuwa na mbwa anaitwa Kilo, amefundishwa bangi pamoja na kokeini, heroini na mengine, na ishara yake ni moja kwa yote, hawezi kusema hii ni bangi halali ile ni heroini. Mwaka 2019 majaji wanne dhidi ya watatu wa mahakama kuu ya jimbo, kwenye kesi ya McKnight, wakasema kwa mbwa wa aina hiyo kunusa ni upekuzi, kwa sababu anaweza kufichua kitu halali, kwa hiyo chini ya katiba ya Colorado polisi awe na sababu ya kutosha kabla ya kumleta. Ile nguzo ya O'Connor, kwamba pua inagusa haramu peke yake, kule imevunjika.

Lakini kama wewe si raia, usije ukalala usingizi kwa hukumu ya Colorado. Kwa serikali ya shirikisho bangi bado ni haramu, dereva wa lori la biashara haruhusiwi kuitumia hata kama jimbo linaruhusu, na sheria ya uhamiaji inasamehe kitu kimoja tu, kosa moja la kukutwa na gramu 30 au chini ya hapo kwa matumizi yako mwenyewe. Zaidi ya hapo, au dawa nyingine yoyote, hata aliyekaa na grinkadi miaka yote anaweza kufukuzwa. Kuna dereva wa lori mzaliwa wa Honduras, amekaa kihalali Marekani zaidi ya miaka 40, amepigana Vietnam akiwa na jeshi lao, alikamatwa Kentucky na bangi kwenye trela, na wakili wake akamwambia asihofu uhamiaji kwa jinsi alivyokaa muda mrefu, basi akakiri kosa, na kukiri kule kukamfungulia mlango wa kufukuzwa. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ikaamua kwenye kesi yake, Padilla, kwamba wakili wa jinai analazimika kumwambia mteja asiye raia kama kukiri kutamletea hatari hiyo, kwa hiyo hata ukipewa wakili wa bure wa serikali mwambie mapema kwamba wewe si raia, muulize uhamiaji watasemaje, na usisaini chochote kabla hajakujibu.